Tiketi Rahisi ya Kwenda Kumuozesha Binti Yangu

Bi Thuwaiba, asalaam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, kila gazeti likiwekwa pale mlangoni kwenye duka la nyama la Alum Rock Road, hapa Birmingham, huchukua moja, na ukurasa wako huumaliza kwenye basi kabla sijafika nyumbani, na muda wote huo nimekuwa nikiyacheka matatizo ya watu, sasa zamu yangu imefika. Naomba unisaidie, na ukiona nastahili kusemwa basi niseme hapo hapo gazetini, ila jina langu tu usilitaje.

Nina miaka hamsini na mbili, skuli niliachia darasa la saba huko Unguja, kwa hiyo univumilie kwa uandishi. Nafanya kazi Saltley katika kiwanda kinachofua mashuka ya mahoteli, kazi yangu ni kuyatoa mashineni yakiwa mabichi na kuyasukuma kwa kigari mpaka kwenye mashine za kukaushia, na shuka moja kavu ni kitu chepesi lakini mia moja mabichi uulize mgongo wangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Katika miaka yote hiyo sijarudi nyumbani hata mara moja, kwanza kwa sababu sikuwa na karatasi za kuishi huku, na karatasi zilipokaa sawa ikaingia sababu nyengine, ambayo hakuna anayeijua ila mimi, na wewe utakapofika mwisho wa barua hii.

Binti yangu Asmahan nilimuacha ana miaka tisa, leo ana ishirini na anaolewa. Mchumba ni kijana anaitwa Yasir, fundi wa mafriji, watu wake tunawajua, sina neno naye. Nikahi ni wiki saba kutoka leo, siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye basi natoka kazini, simu ikalia, nikaona ujumbe wa sauti kutoka kwa Asmahan, nikauweka sikioni. Akasema, "Baba, nguo mama anashona, chakula ami Mselem anasimamia, ukumbi umeshapatikana. Wewe sikutaki kitu. Nataka uje uniulize mwenyewe." Basi. Sekunde kumi hazifiki. Niliurudia mpaka nikapitiliza kituo changu cha Bordesley Green na nikarudi kwa miguu.

Wewe unajua alichokusudia, lakini kwa wasomaji wasiojua mila zetu nieleze kwamba siku ya nikahi baba huingia ndani kwa binti yake kabla ya kwenda msikitini, akamuuliza kama ameridhia aozeshwe kwa fulani, akishapata idhini ndipo huenda akamshika mkono bwana harusi na kutamka. Kama baba hayupo humpa mtu uwakili na ndoa inatimia vile vile, hakuna kinachopungua kisheria. Mdogo wangu Mselem yupo tayari kuwa wakili. Lakini mwanangu hakusema anataka ndoa itimie, alisema nije nimuulize mwenyewe.

Sasa suala la ndege. Mashirika makubwa yanayokupa masanduku mawili na chakula na kukupokeza kutoka ndege moja mpaka nyengine, tiketi yake siimudu bila kukopa, na nimeapa sikopi tena. Lakini zipo zile ndege rahisi, unatoka hapa Birmingham mpaka Istanbul kwa shirika moja, halafu unanunua tiketi nyengine mbali ya kuendelea nyumbani, na zote mbili pamoja hazifiki nusu. Sitaji bei kwa sababu bei ya asubuhi siyo ya jioni. Hafidh, ninayeishi naye nyumba moja, mtu wa Pemba huyo, amesafiri nazo mara tatu, anasema ndege rahisi ni ndege kama nyengine, ina mbawa mbili na marubani wawili, kilichopungua ni chai. Kasoro yake ni moja, kwa bei ile unaruhusiwa kifuko kimoja kidogo cha kuingia chini ya kiti, na ukizidisha unalipa, na kila ukichelewa kulipa ndivyo bei inavyopanda.

Mke wangu Zuleha nilimtajia habari ya ndege rahisi kwenye simu. Akasema, "Ndege zile zile zilizokutupa wakati wa mama? Siwezi kumuweka mtoto wa watu msikitini na wazee wake wanakungoja wewe na ndege yako. Mpe Mselem uwakili. Wewe njoo mwakani kwa raha zako, na masanduku yako." Habari ya ndege hizo na mama, Bi Thuwaiba, ni hii.

Miaka minne iliyopita mama yangu aliugua. Karatasi zangu zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka. Nikanunua tiketi rahisi kama hiyo hiyo, za mashirika mawili, na kosa langu la kwanza ni kwamba nilitangaza safari. Kwetu msafiri ni posta. Ukisema unakwenda Unguja, kabla hujamaliza sentensi mtu ameshakuuliza unaondoka lini, na kesho yake yuko mlangoni na kifurushi kidogo tu, hakina uzito. Mmoja alileta miwani ya baba yake, mwengine viatu vya mpira vya mtoto wa dada yake, mwengine dawa za vitamini, Bi Jokha yeye alileta mashine ya kupimia presha kwa ajili ya mama yake. Sikumkatalia hata mmoja. Hiyo ni amana, na mimi nilijiona mtu mkubwa kuaminiwa na watu kumi. Juu ya hayo nikaweka vyangu. Begi likawa kama mto uliojazwa pamba mpaka mshono unalia.

Pale mlango wa kuingilia ndege kuna kisanduku cha chuma cha kupimia mabegi. Msichana aliyekuwa akisimamia aliniambia kwa adabu niweke begi langu ndani yake. Halikuingia. Nikalisukuma kwa mkono, nikalisukuma kwa goti, watu nyuma yangu wakaanza kupumua kwa nguvu. Akaniambia nilipe. Nikatoa kadi, kadi ikakataa, nikaitoa tena, ikakataa tena, kwa sababu fedha zote zilikuwa zimeshaingia ndani ya begi hilo hilo kwa sura ya vitu. Yule msichana hakunigombeza. Aliniambia ninaweza kuliacha begi nikapanda, au nitoe vinavyozidi, lakini nina dakika tano.

Hapa ndipo nilipowadanganya watu wote kwa miaka minne, na hata hapa nilipofika nimesimamisha kalamu mara mbili. Mke wangu nilimwambia ndege iliahirishwa na shirika likala fedha zangu. Bi Jokha na wenzake nilipowarudishia vitu vyao niliwaambia hivyo hivyo. Hafidh peke yake nilimwambia kidogo, kwamba nilishindwa kuacha amana za watu kwenye pipa la taka la uwanja wa ndege, na yeye akanisifu. Hata hiyo si kweli. Nilifungua zipu nikapiga magoti pale sakafuni, nikatoa vitu vya watu vyote kimoja kimoja, na vyote viliingia kwenye mifuko ya koti langu na kifuko cha plastiki cha dukani. Vilivyobaki begini vilikuwa vyangu, na begi bado halikuingia. Suti ya kijivu, pea mbili za viatu, manukato sita, vitambaa vya watu wa nyumbani, saa. Msichana akaniuliza kama hivyo naviacha. Nikaviangalia. Nikajiona nashuka Unguja baada ya miaka saba ya Ulaya, mifuko ya koti imejaa viatu vya mpira vya mtoto wa mtu, na mimi mwenyewe sina hata shati la kubadilisha, na majirani wamekaa barazani wananitazama. Sikuweza. Nilikaa na suti. Mlango ukafungwa, na ndege niliiona kupitia kioo, ilikuwa bado ipo pale pale, haijasogea hata hatua moja, na mimi siruhusiwi tena. Tiketi ya pili ikafa na ya kwanza.

Mama alifariki baada ya siku kumi na moja. Zuleha alinisimulia kwamba alikuwa akiuliza kila siku kama nimepata ndege nyengine, na alipoelezwa kwamba shirika limenidhulumu alisema Mungu atawalipa wenye ndege ile. Fikiria, Bi Thuwaiba. Mama yangu alikufa akiwashitaki kwa Mungu watu wasio na kosa.

Kwa hiyo Zuleha anaponiambia nisipande ndege zilizonitupa, anagombana na kitu nilichokitunga mimi. Nikitaka aniamini kwamba safari hii nitafika, lazima nimweleze kwamba safari ile hakuna aliyenitupa. Na nikimweleza, atajua mama mkwe wake alikufa ananisubiri kwa sababu ya suti. Yeye ndiye aliyemuuguza, yeye ndiye aliyemuosha.

Na tazama nilivyo mtu nisiyejifunza. Habari ya safari nilimwambia Hafidh tu, jikoni, na tiketi sijanunua, lakini Ijumaa tulipotoka kusali Bi Jokha alinishika mkono mbele ya watu akanipongeza kwa harusi, na jioni alikuwa mlangoni kwangu na boksi la viatu. Sasa hivi chini ya kitanda changu kuna vifurushi vitatu vya watu. Nilivipokea vyote na tabasamu.

Kazini ruhusa nimepata. Msimamizi wetu Balbir ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru, amekuja huku kijana lakini Kiswahili chake hakijatoka, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hatujawahi kusemeshana Kiingereza. Alinikuta wakati wa mapumziko nimeandika orodha ya vitu vya kununua nyuma ya karatasi ya zamu, akaichukua akaisoma yote, akatikisa kilemba. Akaniambia, "Wiki tatu nimekuandikia, hakuna shida, shuka hazitaenda mahali. Lakini mzee, wewe unaenda kuoza msichana ama unaenda kufungua duka?" Wenzangu wakacheka na mimi nikacheka, halafu nikarudi kwenye kigari changu, na swali lake nimelisukuma pamoja na mashuka mabichi mpaka leo.

Maswali yangu ni haya, Bi Thuwaiba. Ndege rahisi inamfaa mtu kama mimi, au nimsikilize mke wangu nimuache Mselem amuozeshe mwanangu, na mimi nije mwakani kiheshima? Na ile habari ya miaka minne iliyopita, kuna haja ya kuifukua, au niende tu, na nikifika salama yatajifunika yenyewe? Nijibu mapema, bei zinapanda.

Baba wa bi harusi, Bordesley Green

*

Baba wa bi harusi, waaleikum salaam.

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukataja la kila mtu mwengine kuanzia Pemba mpaka Nakuru. Nimekaa na kalamu nikayabadilisha moja moja, kwa hiyo msomaji anayedhani amekutambua ajue kwamba amekosea.

Nianze na lililo jepesi. Ndege rahisi inafaa, ndugu yangu. Inamfaa mtu anayejua alichonunua. Shirika lile linakuuzia kiti, na kiti ndicho utakachopata, na kitafika Istanbul saa ile ile kitakapofika cha tajiri. Halikukuuzia ufahari wa kushuka na masanduku, halikukuahidi hilo, na masharti yake liliyaandika ukayapita ukiharakia bei. Hasara uliyopata mara ile haikutoka kwenye bei ndogo. Ilitoka kwa wewe kununua tiketi ya mtu mmoja na kujaribu kusafirisha mtaa mzima, na mtu wa mwisho uliyeshindwa kumuacha ni yule wa suti uliyetaka majirani wamuone.

Hayo nimeyasema kwa ukali kwa sababu uliomba. Sasa nisikilize kwa upole kidogo.

Kuhusu marehemu mama yako, sitakufariji kwa uongo kwamba pengine usingemkuta. Siku kumi na moja zilikuwa zinatosha, na wewe unalijua hilo ndiyo maana umeshindwa kurudi miaka minne. Nimekusoma vizuri: si karatasi, si fedha, ulikuwa unaona haya kusimama mbele ya kaburi lake. Simama. Utakapofika Unguja nenda hapo kabla hujaenda kwa mtu mwengine, muombee dua, mwambie Mola wako ulichofanya, na waombee msamaha wale watu wa ndege pia, maana wamebeba shitaka lisilo lao. Hilo halihitaji sanduku.

Mkeo hana kosa lolote. Amekupa jibu la mtu mwenye akili kwa habari alizonazo. Habari zenyewe ndizo mbovu. Ungekuwa wewe umeuguza mkwe wako miezi yote ile, ukamuosha, halafu mtu yule yule aliyekosa kufika akakwambia anapanda ndege za aina ile ile kwa siku moja isiyoweza kurudiwa, ungemkubalia? Huwezi kumtoa khofu bila kumtoa uongo. Unaniuliza kama yatajifunika yenyewe. Yamejifunika miaka minne, na faida yake ni kwamba leo unakaribia kumkosa mwanao kama ulivyomkosa mama yako.

Kwa hiyo mpigie Zuleha. Usimtumie ujumbe wa sauti, ujumbe wa sauti hufika kwa mashemeji kabla ya magharibi. Piga, muulize kama yuko peke yake, kisha mwambie kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, pamoja na suti na dakika tano. Usianze na amana za watu. Najua ulimi wako utataka kuanzia hapo, kwa sababu Hafidh alikusifu ulipomwambia. Anzia kwenye vile vilivyokuwa vyako. Atanyamaza. Muache anyamaze, usijaze. Huenda akakata simu, huenda akalia, huenda akakaa siku tatu hataki kukusikia. Ana haki ya zote tatu, na una wiki saba. Asmahan usimbebeshe habari hii kabla ya harusi yake. Aambiwe lini, mama yake ataamua.

Na uende kwake na kitu cha kumuondolea wasiwasi, siyo ahadi tupu. Mpe Mselem uwakili. Ndiyo, umesikia sawa. Muulize sheikh wa msikiti wenu namna ya kuutamka, na umpe Mselem kwa simu mbele ya mashahidi kabla hujaondoka Birmingham, kwamba wewe ukiwapo utaozesha mwenyewe, na usipokuwapo yeye asimame mahali pako. Hapo Yasir na wazee wake hawawezi kukwama msikitini hata ndege zote za dunia zikikaa chini. Mke wako alidhani kuna njia mbili, uje au umpe uwakili. Mpe vyote viwili. Mselem hatakasirika kwenda msikitini na uwakili asioutumia.

Sasa mambo ya safari, na hapa nataka unitii kama unavyomtii Balbir.

Vifurushi vilivyo chini ya kitanda vitoke leo. Bi Jokha umrudishie boksi lake mkononi, umwambie kwamba tiketi yako haina mzigo. Atanuna. Mwambie wapo watu hapa hapa Birmingham wanaojaza mapipa kila mwezi na kuyasafirisha kwa meli mpaka bandarini Unguja, viatu vyake vitafika bila wewe. Na mtu mwengine akikushika mkono baada ya sala, jibu liwe hilo hilo, bila tabasamu lile lako linalokuponza.

Tafuta begi laini lisilo na magurudumu, na ulipime kwa futi ya fundi cherehani likiwa limeshajaa, maana begi tupu hudanganya. Vipimo vitazame kwenye tovuti ya shirika lenyewe, usimuulize Hafidh, kila shirika lina vyake na huvibadilisha. Suti ya kijivu ivae. Anayevaa suti mwilini halipishwi suti, na kanzu iliyokunjwa vizuri haizidi unene wa gazeti hili. Jisajili safari kwa simu ukiwa nyumbani, kwa sababu yapo mashirika yanayokutoza ukisajiliwa pale kaunta. Chukua mkate na mayai ya kuchemsha.

Tiketi zako mbili hazijuani, hilo liweke kichwani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakungoja wala kukuonea huruma. Weka siku nzima katikati. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa, kimoja upande huu wa bahari na kingine upande wa pili, kwa hiyo kabla hujalipa hakikisha unashuka na kupandia wapi. Na uulize, ubalozini au kwa wakala anayeeleweka, kama pasipoti yako na kibali chako cha hapa vinakuruhusu kutoka nje ya uwanja na kuingia tena, maana kwa tiketi mbili huenda ukalazimika. Kama hawakuruhusu, tafuta njia nyengine, na hata ikizidi bei bado ndiyo rahisi kwako. Fika Unguja Jumatatu, usifike Alhamisi. Wiki moja kabla ya kusafiri tazama kadi yako ina nini ndani, usiingoje ikukatae mbele ya watu.

Kuhusu zawadi, chukua kile utakachookoa kwenye tiketi umtumie mkeo, aende sokoni Darajani akanunue vitambaa na manukato ya kukutosheleza heshima yako. Nusu ya vile unavyobeba kutoka huku vimepita kwenye maduka yale yale. Majirani watasema umekuja na kifuko. Watasema, mimi sitakuficha. Mwaka niliorudi kwetu mara ya kwanza nilishuka na masanduku mawili yaliyonivunja mkono, na leo muulize yeyote nilileta nini, hakuna anayekumbuka hata kitambaa kimoja. Wanachokumbuka wote ni kwamba nilipitiwa na usingizi katikati ya maulidi, nikakoroma. Watu watachagua wenyewe cha kukukumbukia, huwezi kukifunga kwenye begi.

Ile orodha uliyoandika nyuma ya karatasi ya zamu, bakisha mstari mmoja wa Asmahan, kitu kidogo cha kuingia mfukoni, kisha iliyobaki ichane.

Na usije mwakani kiheshima. Mwakani hakuna anayeolewa.

Zuleha akishakusikia mpaka mwisho, hata kama amenuna, nunua tiketi siku hiyo hiyo. Simu kwanza, tiketi baadaye, usibadilishe mpango huo kwa sababu bei imeshuka ghafla asubuhi moja.

Ijumaa ile watakuita uingie ndani. Wanawake watakuwa wamejaa chumbani na kila mtu atakuwa anakuharakisha, kwa sababu msikitini wanangoja. Kaa chini mbele ya mwanao, utamke jina la Yasir na la baba yake vizuri, umuulize. Mara ya kwanza huenda akainamisha kichwa tu, wasichana wetu hufanya hivyo, na mtu mmoja atasema kimya kinatosha, twende. Wewe usiinuke. Muulize tena, polepole, na ukae hapo mpaka umsikie kwa sauti yake.